Mahakama ikifuta sheria, chama kilichoipitisha kilipe nini?

Wakenya wenzangu, nauliza hili kwa uchungu. Desemba 2014 muungano wa Jubilee uliokuwa ukitawala ulipitisha mswada wa kurekebisha sheria za usalama huku wabunge wakirushiana maji na kukabana mbele ya Spika. Kesho yake Rais akautia saini. Kifungu kimoja kilimtishia faini ya hadi shilingi milioni 5 au jela miaka 3 mtu anayetangaza, bila idhini ya polisi, habari za kuvuruga uchunguzi wa ugaidi. Mwandishi gani wa Nairobi ana milioni 5?

Februari 2015 Mahakama Kuu ikafuta vifungu 8. Jubilee haikulipa chochote, na 2017 ikarudi madarakani.

Najua wengine watasema hali ilikuwa mbaya. Ni kweli, Mandera watu walikuwa wametoka kuuawa, kwanza ndani ya basi, kisha machimboni. Lakini majaji hawakuitupa sheria yote. Sehemu kubwa waliiacha, wakaondoa zile zilizovunja Katiba. Kwa hiyo usalama ungelindwa bila kutunyima haki, na waliopitisha mswada wangeweza kuliona hilo mapema wangetaka.

Wengine watasema tukutane debeni. Debeni tutakutana na nani? TNA na URP, vyama vikuu vya muungano ule wa Jubilee, vilivunjwa 2016 vikawa chama cha Jubilee, kisha wengi wakahamia UDA, chama cha Rais Ruto. Upinzani nao hauna usafi wa kutosha. CORD, muungano wa upinzani wakati ule, ndiyo iliyokimbilia mahakamani kupinga sheria ile ya 2014. Oktoba 2025, marekebisho ya sheria ya uhalifu wa mtandaoni yalipotiwa saini, ODM, nguzo ya CORD enzi hizo, ilikuwa ndani ya serikali jumuishi, pamoja na UDA. Haikupita hata wiki mbili Mahakama Kuu ikasimamisha baadhi ya vipengele vyake. Sheria hiyo ina adhabu ya hadi milioni 20 au miaka 10 jela kwa kosa la kumsumbua mtu mtandaoni.

Mimi nataka mambo mawili. Mswada wowote unaogusa haki za Sura ya Nne ya Katiba, yaani haki za msingi za raia, usipigiwe kura kwa sauti. Wabunge wakipaza "ndiyo" na "la", Spika akaamua upande upi umeshinda, mbunge wako akirudi mtaani atakwambia yeye alipinga, nawe huna karatasi ya kumwonyesha. Linganisha na Juni 25, 2024: 195 waliunga mkono mswada wa fedha, 106 wakapinga, na kila jina lilijulikana siku hiyo hiyo.

La pili ni pesa, na hapa ndipo nitapingwa. Sheria inataka Hazina ya Vyama vya Siasa ipewe angalau asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa. Hizo ni kodi zetu. Kiranja, yaani msimamizi wa nidhamu ya wabunge wa chama bungeni, akiwaamuru wabunge wake wapitishe sheria, nayo ikaja kubatilishwa kwa kukanyaga haki, mgao wa chama hicho ukatwe. Rufaa zimalizike kwanza, sina haraka. Na chama kikibadili jina au kuungana na kingine, deni kiende nalo.

Mbunge wa kawaida hufuata amri ya juu, asipofuata anavuliwa uanachama wa kamati. Unayepinga kukatwa kwa pesa, taja basi adhabu nyingine itakayomfikia aliyetoa amri.