Picha za zamani za askari: kadi kutoka Ubelgiji, fungu la Ulaya, au ile ya dola 25 ya mjini?

Mwana Kenya
Jambo yenu wakubwa. Nimeweka kando dola 60, nataka kuanza kukusanya picha za zamani za askari. Sitaki za vitani, nataka za studio, mtu amesimama mbele ya pazia lililochorwa. Naona njia tatu. Muuzaji mmoja wa Ubelgiji ana kadi ya posta ya askari wa Force Publique, lile jeshi la kikoloni la Kongo, kofia ya fezi kichwani, miguu peku: dola 45 bila gharama ya kutuma. Kuna pia mafungu ya askari wa Ulaya wa vita ya 1914-1918, picha kumi kwa bei hiyohiyo. Halafu kuna ndugu mmoja hapa mjini Lubumbashi, anasema ana picha ya askari wa Tabora, ya kweli kabisa, dola 25. Hii naishika mkononi kabla sijalipa. Mungekuwa mimi mungechukua ipi?

Fundi Foto
Tabora ilitekwa na Force Publique kutoka kwa Wajerumani 19 Septemba 1916. Tangu hapo kila fezi inayouzwa ni ya Tabora! Muulize anajuaje.

Kisha fanya hivi. Chukua lenzi ya fundi saa, angalia uso. Ukiona vinukta vilivyopangwa kama vya gazeti, hiyo imechapwa kiwandani, si picha iliyosafishwa gizani. Ukiona weusi unayeyuka polepole kuingia kwenye weupe, endelea. Hatua ya pili nenda kwa mtu anayebadilisha pesa, omba ile lampi ya kuchunguzia dola feki. Weka picha chini yake. Karatasi za picha zilianza kutiwa dawa ya kung'arisha weupe miaka ya 1950 hivi. Picha ya 1916 inabaki kimya chini ya lampi. Ikiwaka bluu kama shati jipya, ni nakala.

Mama wa Katuba
Mimi nitatetea lile fungu la Ulaya, na Mjerumani ndani yake, na mutanisamehe. Mwana, hujui bado kuangalia. Picha kumi za bei ndogo zitakufundisha macho kuliko moja ya bei kali. Mimi nilianza na hizo. Kwa Mjerumani wa 1914 helmeti ina kifuniko cha kitambaa, na mara nyingi namba ya rejimenti iko pale mbele. Nyuma ya kadi kuna muhuri wa posta ya jeshi, pengine barua ya kumwandikia mama yake. Ukikuta iliyobandikwa kwenye kadi ngumu ndogo ya sentimita 6 kwa 10, jina la studio na mji vimechapwa chini, hiyo ni ya zamani zaidi. Mfaransa Disdéri ndiye aliyeandikisha kipimo kile mwaka 1854, kikaenea dunia nzima.

Papa Kamalondo
Mama, nakusikia. Lakini kijana ameuliza akiwa hapa, na mimi nitasema wazi: ile kadi ya dola 45 nisingeinunua. Soma maandishi ya chini. Nyingi zinasema "askari wa kienyeji", basi. Mpiga picha ana jina, mchapaji ana jina, askari hana. Aliambiwa asimame, akasimama. Msanii Sammy Baloji wa hapa kwetu alizichukua picha za ukoloni, akawakata watu wake na kuwasimamisha mbele ya mitambo iliyochoka ya Gécamines, kampuni ya madini. Ukizitazama unaelewa wale watu walikuwa hawapo kwao.

Picha niipendayo mimi ni ile ambayo soda (askari) mwenyewe aliingia studio, akalipa, akachagua mkono uwe wapi. Hizo haziko Ubelgiji, ziko kwenye masanduku ya mitaa yetu ya Lubumbashi: Kamalondo, Kenya na Katuba. Sana ni za waliokwenda Abisinia (Ethiopia), ambako Waitalia walijisalimisha Saio Julai 1941, na za miaka iliyofuata mpaka jeshi lilipobadilishwa jina 1960. Angalia muhuri wa studio. Ukisema Elisabethville, jina la zamani la mji wetu, vizuri. Ukisema Lubumbashi, karatasi hiyo ilitoka baada ya 1966, hata kama aliye ndani ni wa 1941.

Fundi Foto
Na fezi ikionekana nyeusi usishtuke. Ilikuwa nyekundu, ila filamu nyingi za zamani hazikuona wekundu.

Mama wa Katuba
Papa ameongea. Ila masanduku hayo yana wenyewe, usiende kununua picha ya kambo (babu) wa watu msibani. Nimeona wanaofanya hivyo.

Mwana Kenya
Narudi na habari. Ya dola 25 nimeipeleka kwenye lampi. Iliwaka hata mwenye duka akacheka. Nimemrudishia ndugu yule, amenuna.

Halafu nilipita kwa tanti. Kumbe tuna moja nyumbani! Kambo, kaptula, soksi ndefu, mkono juu ya kiti. Lampi haikuwaka. Muhuri wa E/ville, 1943. Shida ni kwamba nyuma kumeandikwa kwa wino "kwa rafiki yangu", na jina la aliyetia sahihi si la kambo.

Papa Kamalondo
Walikuwa wanapeana picha wakiachana. Inawezekana kambo wako ndiye aliyepewa, na huyo ni mwenzake. Usifute kitu, usiongeze kitu kwa biki. Ukitaka kuandika, penseli laini, pembeni nyuma. Itoe kwenye albamu ya kunata, na usiitie kwenye plastiki ya PVC, ile inayonuka. Bahasha ya karatasi isiyo na asidi, au polipropileni.

Mwana Kenya
Tanti amekataa itoke nyumbani hata saa moja. Na habari ya rafiki hataki kuisikia, anasema masikio yale ni ya kwetu. Nani ana skana ya kuazima Jumamosi? Nitaileta mimi hadi Katuba, dola 60 bado ninazo.