Tupeane uzoefu: Afande aliyekataa kukuuzia ploti

karani_wa_Afande, Nakuru

Habari za jioni jamani. Jumamosi hii tunamzika mzee mmoja huku Bahati, wengi wa hapa Nakuru mnamjua kwa jina moja tu, Afande, na familia imenipa mimi nafasi ya kusema maneno machache kwa sababu nilikuwa karani wake miaka sita. Nimekaa na karatasi tangu asubuhi. Wasifu wenye umeandikwa uko na kuzaliwa, shule, jeshi, ndoa, watoto, ugonjwa, na ile kazi yote alifanya baada ya kustaafu imepewa mstari mmoja, "alikuwa mfanyabiashara wa mashamba". Huo mstari umeniuma sana.

Kwa wenye hawamjui, Afande alienda Sierra Leone na jeshi letu chini ya UN mwaka wa 2000, tena akawa kwa wale walivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011 wakati wa Linda Nchi. Aliporudi alivishwa nishani ya Rais. Alistaafu 2013 na mwaka uliofuata akafungua kaofisi kadogo cha chumba kimoja hapa tauni, akajisajili kwa bodi ya maejenti venye sheria inataka, cheti akatundika ukutani. Nishani hakutundika. Mimi nilikaa naye karibu mwaka mzima kabla nijue iko, na nilijua kwa sababu nilitumwa kwa droo kutafuta stempu nikapata kasha.

Sasa kazi yake ilikuwa hivi. Mtu akija anataka shamba, kabla hata ya kuonyeshwa picha anaambiwa alete nakala ya taito ya muuzaji tufanye sachi kwa rejista, yaani kuangalia kama shamba ni lake kweli. Sachi ikitoka safi, Afande anabeba ramani anaenda na sorveya kwa shamba lenyewe, anatafuta bikoni, zile alama za mpaka, moja moja. Kama ni nne anataka kuona nne, na akipata tatu anarudi tauni bila kusema kitu kwa mteja hadi ya nne ipatikane ama irudishwe na sorveya. Halafu anaenda kwa majirani pande zote anakunywa chai. Hio chai ndio ilikuwa inatoboa siri, unapata taito iko kwa jina la marehemu guka (babu) na watoto hawajafanya saksesheni, ile kesi ya urithi, ama kuna bibi wa pili yuko Subukia hajui kama shamba linauzwa. Afande akisikia hivyo anafunga faili. Nimeona akifunga faili la ekari tano za Rongai, na komisheni yake hapo ingelipa kodi ya ofisi mwaka mzima, na wakati huo tulikuwa na deni la miezi miwili kwa lendlodi.

Na komisheni alikuwa hachukui hadi land board ipitishe. Wengi hawajui hii maneno ya board, wanafikiria ukishatia sahihi kwa wakili umemaliza. Shamba la kilimo bila kibali cha board hio mauzo ni batili mbele ya sheria, na ombi linafaa kupelekwa ndani ya miezi sita tangu mkubaliane. Afande alikuwa anaandika hio tarehe ya mwisho kwa kalenda na kalamu nyekundu, ya kila mteja, na anampigia muuzaji simu asubuhi ya kikao amkumbushe aje na bibi yake.

Naomba kama alikusaidia, ama kama huko kwenu mko na mwanajeshi mstaafu mwenye alifanya hii kazi ya mashamba vizuri, mniandikie hapa. Nitasoma nitakazoweza.

mama_watatu, Mwariki

Pole sana dada, na poleni familia yote. Mimi sikununua kwake hata futi moja na ndio maana naandika.

2015 nilikuwa nimetoka Qatar na pesa zangu za miaka minne, sikuwa nataka kusikia kitu ingine isipokuwa ploti, na nilikuwa nimeonyeshwa moja ya futi 50 kwa 100 huku chini upande wa ziwa, bei nzuri ajabu. Nikaenda kwa Afande anifanyie makaratasi tu. Sachi ilikuwa safi, taito safi, bikoni zote nne ziko. Nikajua tumemaliza. Akaniambia, "Binti yangu, twende tuangalie miti." Tukaenda kwa miguu hadi pale unaona ile miti ya manjano imesimama ndani ya maji imekauka, akaniuliza hio miti ilimea kwa maji ama kwa nchi kavu. Nikasema nchi kavu. Akasema basi ziwa linatembea na hakuna mtu ameliambia lisimame wapi.

Nilikasirika kabisa. Nilimwambia kazi yake ni makaratasi sio miti, na nikatafuta broka mwingine, ila kabla nilipe mama yangu akanikataza akasema mtu anayekataa pesa yako umsikie. Nikanunua juu huku, ndogo zaidi na ghali zaidi. 2020 maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, watu wa huku Mwariki na Barut mnajua wenyewe nani alihama na vitanda kichwani. Ile ploti sijui kama mwenyewe ataiona tena. Nyumba yangu naandikia ndani yake sasa hivi na watoto wamelala.

Sikuwahi kurudi kumwambia asante. Nilikuwa naona haya kwa venye nilimwongelesha.

jakisumu_wa_mamboleo

Mungu amrehemu. Wacha niwape ya kwara, babu yangu, hata kama yeye hakuwa na ofisi.

Kwara alikuwa keya, askari wa KAR, lile jeshi la Waafrika chini ya Waingereza. Alienda Burma nalo, ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki yenye ilipita bonde la Kabaw 1944 kwa mvua na matope na malaria hadi mto Chindwin. Alirudi na Nyota ya Burma, ile ya shaba ya pembe sita, na koti. Nyanya alikuwa anasema alirudi pia na tabia ya kuamka usiku kuzunguka boma. Shamba hakupewa na mtu. Alirudi akalima pale baba yake alikuwa analima.

Sasa serikali ilipokuja kupima ardhi huku kwetu, baada ya ile sheria ya 1968 ya adjudikesheni, kila mahali palihitajika kamati ya wazee wenyeji wa kusema mpaka wa nani uko wapi, na kwara akawekwa. Kazi ya lawama hio, ndugu na ndugu wanatoana macho sababu ya hatua tatu za shamba. Yeye alikuwa anatembea mpaka wote kwa miguu na pande zote mbili zikiwa nyuma yake, anasimama kwa kila mti wa ojuok wenye ulipandwa kama alama, anawauliza wote wawili kwa sauti, "huu ni wenu?" hadi wakubaliane ndio anasonga. Wasipokubali hasongi, mnaweza kaa hapo hadi jua litue.

Baadaye mtu yeyote akitaka kununua ama kuuza pale kijijini alikuwa anapitia kwake kwanza. Alikuwa analipwa kuku, ama sukari, ama hakuna. Namkumbuka akimwambia mwalimu mmoja asinunue pale chini kwa udongo mweusi upande wa Nyamasaria, ati huo udongo kiangazi unafunguka unaweza kuingiza mkono na mvua ikija unabeba nyumba. Mwalimu alisikia. Hadi leo watoto wake wakipita kwetu wanashuka kwa pikipiki wasalimie kaburi, sisemi uongo.

mkulima_webuye

Poleni kwa msiba. Lakini niruhusiwe kusema kitu, tusikuje kufanya watu waamini kila mtu aliyevaa magwanda ni mwaminifu. Mimi nililizwa laki tatu na jamaa mwenye alijitambulisha kama mstaafu wa jeshi, anapiga saluti, ana picha ya kikosi kwa simu, anaongea na amri. Nilimwamini kwa hizo viatu zake kung'aa. Taito ilikuwa ya kweli lakini ya shamba lingine kabisa, tulionyeshwa kona moja na karatasi ni ya kona nyingine. Sikwenda na sorveya kwa sababu niliona kama ni kumdharau afande. Omundu wetu mmoja mzee aliniambia baadaye, ungemuuliza jirani tu.

karani_wa_Afande

@mkulima_webuye pole sana ndugu yangu, na umefanya vizuri kuandika. Afande mwenyewe alikuwa anakataa watu wamwamini kwa sababu ya jeshi. Mteja akisema "wewe ni mwanajeshi sina wasiwasi" alikuwa anamjibu, "kuwa na wasiwasi, lipa sachi." Na kila mteja lazima aende kwa shamba na ramani mkononi mwake mwenyewe, sio mkononi mwa Afande. Sikuelewa kwa nini anasisitiza hivyo, sasa nikisoma yako naelewa.

mjukuu_wa_kitale

Nasoma hii na nafikiria kitu kimoja. Sisi huku Trans Nzoia mashamba makubwa mengi yalianza na wanajeshi. 1919 baada ya vita ya kwanza serikali ya mkoloni ilitoa mashamba kwa maafisa na askari wazungu waliotoka vitani, na wale Waafrika waliopigana vita hio hio na waliobeba mizigo yake hawakuwekwa kwa mpango. Kuka (babu) alikuwa anatusimulia baba yake alirudi kutoka Tanganyika bila kitu akaenda kuandikwa kibarua kwa shamba la mzungu aliyekuwa vita moja na yeye. Kibarua, kwa nchi yake.

Ndio nikisikia askari Mwafrika amerudi nyumbani akatumia miaka yake ya mwisho kuhakikisha mwalimu na mama mboga wamepata ka-eitha kao (moja ya nane ya ekari) na taito yao, hio kwangu ni kubwa kushinda nishani. Dada, hio uiseme Jumamosi. Na usiiseme haraka.

mstaafu_lanet

Mimi sio mtu wa kuandika sana. Nilikuwa na marehemu Sierra Leone.

Mei 2000 waasi wa RUF walizingira Wakenya upande wa Makeni na Magburaka. Mambo mengine yatabaki huko. Nitasema tu venye alikuwa. Kila jioni alikuwa anahesabu watu wa seksheni yake kwa kugusa bega, sio kwa kuita jina, anapita anagusa. Usiku mmoja hesabu ilikosa mtu mmoja, na yeye hakulala, hakukaa chini, hadi yule kijana akapatikana alfajiri. Alikuwa ameumia mguu amejificha. Aliyeenda kumtoa ni marehemu, na alimbeba. Huyo kijana yuko hai, ana duka huko Molo, na shamba lake ni marehemu alimtafutia.

Kwa hivyo wewe karani unapoandika kwamba alikuwa hatoki shambani na bikoni tatu kama ni nne, mimi nimecheka peke yangu hapa kisha nikalia. Alikuwa hajabadilika.

Nishani ya Rais hakupenda kuiongelea kwa sababu wengine tulioenda nao Somalia hawakurudi. Aliniambia hivyo mara moja tu. Tafadhali msiisome sana. Semeni iko, mpite.

Tutakuja wachache na bereti zetu. Hatutaki kuongea, tunataka kubeba jeneza kutoka kwa geti.

mama_watatu, Mwariki

Afande wa Lanet umeniliza. Dada karani, mimi ningependa kuja lakini sijui kama ni sawa, simjui mtu hata mmoja wa hio familia na mara ya mwisho nilimuongelesha vibaya.

karani_wa_Afande

Nimeprinti zote, kurasa sita. Programu imenipa dakika tano, nimeenda nimeongea na kijana wake mkubwa, ameniongeza kumi kwa kutoa hotuba ya mwanasiasa mmoja. Ya Webuye pia nitaisoma, mjane wa Afande amesema isomwe. Mstaafu wa Lanet, geti litakuwa wazi kutoka saa mbili asubuhi na jeneza ni lenu.

@mama_watatu maneno yako nimemsomea mjane wake kwa simu mchana. Ameniambia Afande alikuwa anakuongelea, hakuwa anajua jina lako, alikuwa anakuita yule binti wa miti. Maji yalipopanda 2020 alienda Mwariki mara mbili kuuliza kama kuna msichana wa Qatar alijenga huko chini, akaambiwa hapana, akarudi akalala vizuri. Kwa hivyo njoo. Panda matatu ya Bahati, shuka Maili Kumi, uliza bodaboda yeyote nyumba ya Afande.

mama_watatu, Mwariki

Nitakuwa hapo saa mbili. Nakuja na watoto wote watatu.