Filta kwenye kontrola za Rails: ukurasa wa kuingia haufunguki, na malipo hayafiki

mji_wa_kale, Lamu

Assalaam alaykum. Natengeneza kwa Rails (mfumo wa kujengea programu za wavuti kwa lugha ya Ruby) programu ya kukata nafasi za mashua hapa Lamu: za kuvuka Mokowe, za Shela, na za wageni kwenda Takwa, ambazo saa zake hufuata maji kwa sababu mkono ule wa mikoko haupitiki vizuri maji yakipwa. Nahodha anaingia, anaandika safari, abiria analipa kwa M-Pesa.

Kila kitendo kwenye SafariController, yaani kontrola inayopokea maombi ya safari, kilikuwa kinaanza na mstari wa hakikisha_ameingia, unaomrudisha asiye na sesheni (kumbukumbu kwamba ameshaingia) kwenye ukurasa wa kuingia. Nimeufanya filta, yaani ukaguzi unaopita kabla ya kitendo, ndani ya ApplicationController, kontrola mzazi wa zote. Sasa ukurasa wa kuingia wenyewe haufunguki, kivinjari kinasema kinaelekezwa tena na tena. Na taarifa za malipo haziandikwi. Nirudishe mistari yangu ya zamani? Pia somo ninalofuata linatangaza filta kwa before_filter, kwangu ilikataa nikaweka before_action.

fundi_wa_malindi

Waalaykum salaam kaka. Usirudishe. Hiyo mistari ina hatari kubwa kuliko yote mawili yanayokusumbua, kwa hiyo naanza nayo. Tazama kitendo cha kufuta kilivyokuwa:

```
def destroy
  hakikisha_ameingia
  safari = Safari.find params[:id]
  safari.destroy
  redirect_to orodha_path
end
```

redirect_to, amri ya kumpeleka mtu ukurasa mwingine, iliyo ndani ya hakikisha_ameingia haikatishi kitendo. Inaandaa jibu tu, kisha Ruby inashuka mstari unaofuata. Ombi la mtu asiyeingia, likishapita ukaguzi wa tokeni (alama ya siri inayothibitisha kuwa fomu imetoka kwako), linafuta safari, halafu redirect_to ya pili inaangusha DoubleRenderError, kosa la kujibu mara mbili. Yeye anaona kosa, nawe unaona kosa kwenye logi (kumbukumbu za seva), mnadhani hakuna kilichotendeka. Kumbe safari ya Takwa ya watu waliokwisha kulipa haipo tena.

Filta haiendi hivyo. before_action ikishatoa jibu, iwe kwa redirect_to au render, Rails inasimama hapo hapo na kitendo hakiguswi. Kurudisha false peke yake hakusimamishi kitu. Lazima jibu litoke.

Na hapo ulipoiweka ndipo mahali pake. Kontrola zote zinairithi, pamoja na utakayoiandika mwakani kwa haraka. Nasisitiza hili kwa kila ninayefanya naye kazi: funga milango yote kwanza, kisha utaje kwa jina ile ya kufungua. Ukiweka filta kontrola moja moja, mpya itakayosahaulika itabaki wazi, wala haitatoa kosa lolote la kukushtua.

Ukurasa wa kuingia nao umeirithi, ndiyo maana anayetaka kuingia anaambiwa aingie kwanza. Kwenye SessionsController andika:

```
skip_before_action :hakikisha_ameingia, only: [:new, :create]
```

Malipo sasa. Taarifa ile inatumwa na seva ya M-Pesa, si simu ya abiria. Haina sesheni yako wala tokeni ya fomu. Fungua logi: ukiona namba ya jibu 302 (ameelekezwa kwingine), imezuiwa na filta yako, ukiona 422 (ombi limekataliwa), imezuiwa na ukaguzi wa tokeni wa Rails. Ipe kontrola yake peke yake, yenye kitendo kimoja, na humo tu uweke skip_before_action :hakikisha_ameingia pamoja na skip_forgery_protection, inayoruka ukaguzi wa tokeni. Usiziweke kwenye kontrola ya mzazi hata kwa kujaribu.

Lakini anwani hiyo ikishakuwa wazi, yeyote anaweza kuipelekea ombi. Linganisha CheckoutRequestID (namba ya ombi la malipo) iliyomo na ile uliyoihifadhi ulipoomba malipo, hakikisha ResultCode (namba ya matokeo) ni 0, yaani yamefanikiwa, na kiasi ni kile kile. Kimoja kisipolingana, usimwandikie abiria kwamba amelipa.

sela_wa_kodi

Kuhusu before_filter: jina before_action lilikuja na Rails 4.0 mwaka 2013, na lile la zamani likaondolewa 5.1, mwaka 2017. Somo lako ni la kabla ya hapo. Filta kazi yake ni ile ile, ila mengine ya somo hilo yasome kwenye mwongozo wa toleo lako.

mji_wa_kale, Lamu

Shukran dada, ukurasa wa kuingia umefunguka. Logi ilikuwa 302, nimeitenga kontrola ya malipo na sasa yanaandikwa. Swali moja: nahodha aliyeingia akibadilisha namba kwenye anwani, si anaweza kuhariri safari ya mwenzake?

fundi_wa_malindi

Anaweza, tena kwa urahisi. Filta yako inajua ameingia, haijui mashua ni ya nani. Usimtafutie safari kwenye jedwali zima, mtafutie ndani ya zake:

```
before_action :tafuta_safari, only: [:edit, :update, :destroy]

def tafuta_safari
  @safari = nahodha_wa_sasa.safari.find params[:id]
end
```

Namba isiyo yake inamletea 404 (haipatikani), kama vile safari hiyo haipo. Iweke tafuta_safari chini ya private, na ile Safari.find ya ndani ya destroy uifute.

Filta hufuatana kwa mpangilio ulioziandika, za mzazi zikitangulia, kwa hiyo hakikisha_ameingia itapita kwanza. Usitumie prepend_before_action kwa tafuta_safari: itaruka mbele, nahodha_wa_sasa atakuwa nil (hakuna mtu), na badala ya kupelekwa kwenye ukurasa wa kuingia mtu ataona 500, kosa la seva.