Tupeane uzoefu: kazi ndogo za misheni zisizopigiwa makofi, furaha mnaipata wapi?

Mlezi wa Vijana, Kisauni
Bwana asifiwe wapendwa. Kanisani kwetu nikitangaza mkutano wa injili kule Magongo, vijana hujiandikisha mpaka karatasi ikajaa. Nikitangaza tunatafuta watu wa kuosha sufuria baada ya chakula cha watoto cha Jumamosi, kila mtu anaangalia sakafu. Siwalaumu, maana sisi wakubwa ndio tuliowazoesha kuona misheni ni kipaza sauti. Ninyi mnaofanya zile kazi za kuchosha, tuelezeni mnavyoendelea, na furaha mnaitoa wapi.

Nianze na mtu wa huku kwetu. Krapf, yule mmisionari Mjerumani, twamjua sote, ana mnara wake Nyali. Anayenigusa mimi ni mwenzake, Johannes Rebmann, aliyefika 1846 na kukaa mpaka 1875, zaidi akiwa Rabai. Shuleni tulifundishwa siku yake moja tu, ile ya Mei 1848 alipoiona theluji ya Kilimanjaro. Miaka mingi iliyobaki alikuwa ameketi na wenyeji akiuliza: hiki mwakiitaje, na kile je? Anaandika, anafuta, anaandika tena. Waumini walikuwa wa kuhesabu. Kamusi yake ya lugha ya watu wa Nyasa aliipata kwa kumsikiliza Salimini, mtu aliyetekwa kule na kuletwa pwani utumwani. Rebmann alipofuka, akarudi Ujerumani, akafa 1876, na kamusi ikatoka chapa mwaka uliofuata. Mimi naamini kule kuuliza maneno ndiko kulikokuwa utume wake, hata kama asingeona mlima wowote. Haya, karibuni.

Mama Likoni
Amina mlezi. Mimi niko ushirika wa kina mama. Sisi huenda hospitali, wadi ya wanaume, kuwakata kucha na kuwanyoa wagonjwa wasio na jamaa. Basi. Tunabeba beseni, sabuni, glavu, wembe mpya wa kila mtu, na maji moto kwenye thamosi. Mwanzoni nilikuwa na daftari, naandika nani nimemwombea na nani amekubali kuokoka, ili niwe na la kusema kwenye ushuhuda. Zile kurasa zikiwa tupu narudi nyumbani nimenuna.

Kulikuwa na mzee wa kutoka bara ya Kaloleni, miguu imevimba, kucha za vidole vya miguu zimepinda na kuingia nyamani. Kazi ile haina haraka. Waloweka, wasubiri, wakata kidogo, waloweka tena. Mzee hakuwa mtu wa maneno, nami siku hiyo sikusema neno la Mungu hata moja, nilikuwa nimeinamia kidole gumba. Tulipomaliza akaniuliza, "Mwanangu, nani amekutuma?" Nikamwambia Yesu. Akasema, "Basi mwambie nimepona mguu mmoja, aje na wa pili." Wadi nzima ilicheka, na mimi nikalia kwa furaha hapo hapo kwenye beseni. Tangu hapo daftari silibebi. Yohana 13 nilikuwa nikiisoma kila Alhamisi Kuu, lakini Bwana wetu hakuwauliza wanafunzi chochote kabla ya kuwaosha miguu, na Yuda alikuwamo.

Mjomba wa Kilindini
Mimi hutembelea mabaharia bandarini. Watu hudhani ni mahubiri juu ya meli. Kazi yenyewe ni kusubiri: kibali cha getini, koti la kung'aa, kofia ngumu, kisha unangoja mpaka winchi zitulie ndipo uruhusiwe kukaribia ngazi. Ukipanda, unaweza kukuta wote wamelala kwa uchovu. Unaacha laini za simu na magazeti, unashuka.

Meli moja mpishi aliniomba ndimu na pilipili mbichi, stoo yao imeisha. Nilikwenda soko la Marikiti, nikarudi na kikapu, nikapita ukaguzi upya. Alipopokea akanishika mkono akaniambia wamempoteza mwenzao baharini na hakuna aliyewaombea. Tuliomba jikoni, pamesimama Wafilipino, Wahindi na mimi. Kwa hiyo nikisoma Matendo 6, wale saba waliochaguliwa kuhudumu mezani, sioni kwamba walipewa kazi ya chini. Stefano alitokea hapo.

Karani
Niseme ukweli wapendwa. Mimi naandika rejista ya zahanati ya misheni, na furaha hiyo mnayoisema sijaiona. Majina, umri, dawa, risiti. Naomba kila asubuhi na bado ni kavu. Kinachoniumiza zaidi ni viongozi wanaotumia neno "unyenyekevu" kumwachia mtu mmoja mzigo wa watu wanne.

Mlezi wa Vijana, Kisauni
Karani, asante sana, na hili nalishika kwa uzito. Kumchosha mtu kwa jina la Yesu ni dhuluma, tusilipake rangi. Musa mwenyewe aliambiwa na mkwewe kwamba kazi ile ni nzito mno, hawezi kuifanya peke yake. Omba msaidizi, na ukinyimwa omba tena bila aibu. Na huo ukavu usiuhesabu kuwa umeacha imani. Mgonjwa anayepewa dawa sahihi kwa sababu jina lake liliandikwa sawasawa amehudumiwa na wewe, uwe umefurahi siku hiyo au la.

Mwalimu wa Watoto, Changamwe
Nakata picha za kondoo kwa mkasi kila Ijumaa usiku. Nimeanza kumwombea mtoto mmoja kwa kila kondoo. Usiku unapita vizuri.

Mama Likoni
Karani mwanangu, sisi huenda wawili wawili na kwa zamu, na aliyechoka anakaa nyumbani bila kuulizwa. Kabla ya kupanda feri kurudi tunakunywa chai na mahamri, tunasimuliana yaliyotokea. Mimi nyingi ya furaha yangu naiona pale mezani, maana wadini huwa nimeshughulika. Wewe una mtu wa kumsimulia? Kama huna, na u karibu na Likoni, niandikie faraghani nikuelekeze kwa kina mama wenzangu. Rejista yako njoo nayo kichwani, tutaisikiliza yote.