Spageti ya baridi na mboga changa: inashikana, halafu inatoa maji

Himbi_jikoni
Bandugu, nataka saladi nyepesi ya spageti, na karoti, pitipua (njegere), puaro (liki, kitunguu cha majani marefu) na konkombre (tango). Pakiti ya gramu 500, watu wanane. Inakuwa donge moja, na chini ya bakuli maji yanajaa. Kosa liko wapi?

Mama wa Kituku
Hayo ni makosa mawili, mwanangu. Kushikana ni wanga. Gramu 500 zinataka lita 5 za maji. Kwenye sufuria ndogo maji yanageuka uji, na uji huo ndio gundi. Chumvi vijiko viwili vya mezani, koroga dakika mbili za kwanza bila kuacha. Makala (makaa) yakiwa hafifu usianze, sababu ukitia spageti maji yanalala, yanaacha kuchemka. Tena Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Dakika za kwenye pakiti hazitoshi, ongeza moja au mbili. Iive vizuri: ikipoa inakaza. Halafu isuuze kwa maji ya baridi.

Puaro_tu
Mama, ukiisuuza sosi haitashika!

Mama wa Kituku
Ya moto, ni kweli, haisuuzwi. Ya baridi, wanga ukibaki juu unaganda. Suuza, acha ichuje dakika tano, ndipo utie vijiko viwili vya mafuta. Ikiwa bado na maji, mafuta yanateleza tu.

Ndosho_mpishi
Yale maji ya chini yanatoka kwenye konkombre. Ipasue, kwangua mbegu kwa kijiko, kata, nyunyiza chumvi kijiko kimoja cha chai, ngoja dakika 15, kamua kwa kitambaa safi. Watu wengi wanaruka hapo.

Mboga nyingine zitangulie kwenye maji yaleyale kabla ya spageti, unaokoa makala: pitipua dakika tatu, karoti nyembamba na puaro dakika moja. Zitoe, zitumbukize kwenye maji baridi. Puaro ipasue kwa urefu kwanza, udongo unajificha katikati ya majani. Maji ya kusuuzia na ya kuoshea konkombre yawe yamechemshwa yakapoa, au yametiwa klorini.

Sosi: mafuta vijiko 6, ndimu vijiko 3, tangawizi iliyokunwa kijiko cha chai, punje moja ya kitunguu saumu. Ndimu itiwe mwisho kabisa, asidi inaharibu kijani cha pitipua. Karanga za kukaanga pia mwisho, zisilainike. Pilipili kila mtu kwenye sahani yake.

Himbi_jikoni
Asanti sana. Na kubeba kazini, bila frigo (friji)?

Ndosho_mpishi
Sosi ibebe kando kwenye kichupa, uchanganye wakati wa kula. Lakini tambi zilizoiva zisikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Ukitoka asubuhi kwa chakula cha mchana, hiyo si saladi ya kubeba. Beba karanga na ndizi.