Nimetunga kipande cha piano cha ndege dudumizi, mbona kinatoka kama zoezi?

mkazi_wa_bondeni: Wakuu habari za jioni. Nakaa Kinyerezi, nyuma ya nyumba kuna vichaka na matete, kila alfajiri dudumizi anaanza, ile du-du-du-du inayoshuka kama maji yanatoka kwenye chupa, ikifika chini inapunguza mwendo halafu inapanda kidogo. Marehemu bibi akimsikia tu anaanua nguo, anasema mvua hiyo. Sasa nimemtungia kipande cha dakika mbili, kulia napiga noti zake, kushoto nimeweka kodi (noti kadhaa kwa pamoja) za C, F na G kama za kwaya. Nikirekodi nikajisikiliza ndege simsikii kabisa, nasikia mtu anafanya mazoezi ya skeli, zile noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio. Nakosea wapi?

noti_nyeusi: Mkuu ni huo mkono wa kushoto. C, F, G kila saa zinamrudisha kanisani. Jaribu skeli ya hatua nzima, C D E halafu F shapu, G shapu, A shapu, pale hakuna nusu hatua (vibonye viwili vilivyopakana) hata moja kwahiyo sikio halijui litue wapi. Na tafuta Oiseaux tristes (ndege wenye huzuni) ya Ravel, yule mtunzi Mfaransa, ni ya pili kwenye Miroirs, mkusanyiko wake wa vipande vya piano, aliimaliza 1905. Yeye mwenyewe alieleza ni ndege waliopotelea kwenye msitu wenye giza saa za joto kali. Inaanza na noti moja tu inarudiwa, taratibu, kimya kinakaa katikati. Hicho kimya ndo nakipenda kuliko noti zote.

mama_solfa: Unampigia okteva gani mdogo wangu, yaani sehemu gani ya kinanda, juu au chini? Watu wakiambiwa ndege wanakimbilia juu kabisa. Dudumizi sauti yake nzito, mshushe chini ya C ya kati, ile ya katikati ya kinanda. Tena huwa wanaitikiana wawili, sasa kwanini mkono wa kushoto usiwe yule mwenzake wa ng'ambo ya bonde, upige polepole zaidi?

mkazi_wa_bondeni: Dada asante sana, nimetoka kujaribu sasa hivi, kodi zote nimetoa, nimemshusha, wa kushoto anaitikia kwa mbali, na nywele zimenisimama kweli maana ni yeye kabisa. Nimekwama pale mwisho anapopanda, nimalizie na C?

mama_solfa: Hapana, usimfungie. Mwache hapohapo juu, kanyaga pedali mpaka sauti iishe yenyewe.