Naomba ushauri: kupiga muziki harusini kwa Mixxx

Habari zenu wakuu. Dada yangu anaolewa hapa Tanga, Ngamiani, na muziki nimekabidhiwa mimi. Natumia Mixxx, programu ya u-DJ ya kuunganisha nyimbo, kwenye laptop ya Linux. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi, naipenda sana. Singeli zinaungana vizuri. Shida ni taarabu ya zamani, zile za vikundi vya Black Star na Lucky Star, ambazo wazee wetu lazima wazisikie: mapigo hayatulii, nikibonyeza Sync, kitufe cha kulinganisha mapigo ya nyimbo mbili, wimbo unavurugika. Hapo mnaunganisha kwa sikio, au mnaacha wimbo uishe wenyewe?

Pia laptop ina tundu moja la sauti, nami nataka kuusikia wimbo unaofuata kwenye hedifoni kabla ya kuutoa kwenye spika. Waya wa kugawa, upande mmoja spika na mwingine hedifoni, utatosha ukumbini, au ninunue kadi ya sauti ya USB yenye chaneli nne?